Sauti ya TV na Sikio la Baba Rukia

Nyie mnaokuja kuniuliza kwa nini TV zenu mpya zinaongea kama mtu kafungiwa kabatini, kaeni kwanza. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. TV yenyewe nyembamba kama sinia, hiyo spika mnataka ikae wapi? Wamezibandika kwa nyuma, sauti inapiga ukutani ndiyo inakujia wewe, imeshachoka. Dawa yake ni ile ile tuliyokuwaga tunaitumia sie: itolee sauti nje.

Mie sijazeeka, nina arobaini na ushei, ila kazi nimeiweka chini. Nilipotoka eda ya mume wangu, Baba Rukia, nilikwenda bandani kwetu Mtoni, nikafungua kufuli, nikaziona spika zimelala kifudifudi kwenye benchi vile vile alivyoziacha. Nikafunga. Tangu siku ile sijashika kazi ya mtu. Lakini kusema naweza kusema, na nyie vijana mna maswali, basi chukueni.

Kwanza, sanduku. Spika bila sanduku ni karatasi inayotetemeka tu. Sie mbao tulikuwa tunazipata Kurasini, mbao za makreti yaliyoletea mashine, zimetupwa nje ya yadi za makontena. Baba Rukia alikuwa anazigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. Ikilia “ko ko” anaacha, ikisema “du” anabeba. Ubao unaolia wenyewe utakuharibia sauti, maana nao utataka kuimba. Ukishapigilia, ziba kila mwanya kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mwanya hata wa kupitisha uzi unakula besi yote. Halafu ndani jaza sufi. Ndiyo, sufi ya mito. Jirani yetu Bi Mwanaidi, mama mtu mzima mwenye mdomo, alikuwa na mito iliyopasuka, tukamwomba. Siku moja kaja kwa mteja wetu kwenye maulidi, TV inaunguruma ndani, akaishika ile spika akasema, “Mto wangu huu! Nimelalia miaka ishirini haujanisemesha, leo unahutubia!”

Nacheka, lakini nawaambia kazi. Sufi inatuliza sauti isirukeruke ndani ya sanduku. Usijaze ikabana, ilegee, kama mto wa mtoto.

Jambo la pili lisikilizeni kwa masikio yote, maana hili linaua. Usifungue TV ya mtu ukavuta waya wa spika kutoka ndani kama hujui. TV nyingi za mtumba zilizokuja wakati ule chasisi yake, ule mwili wa chuma wa ndani, ina moto wa umeme wa nyumba. Ukivuta waya kutoka mle mpaka kwenye spika yenye bati mbele, umemwekea mwenye nyumba kifo sebuleni, watoto wanakigusa. Tafuta tundu la hedifoni ubavuni. Likiwepo, sema alhamdulillah, toa sauti hapo, uipeleke kwenye redio kaseti iliyokufa upande wa mkanda lakini upande wa sauti bado mzima. Zipo tele, watu wanazitupa. Hiyo ndiyo itasukuma spika zako. Bila kununua mtambo wowote mkubwa.

Hayo nilifundishwa na nani? Nusu nilifundishwa kwenye masomo ya jioni. Nilianza na kusoma na hesabu, nikamalizia darasa la umeme kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi. Wanawake tulikuwa wawili, mwenzangu akaolewa, nikabaki mie na ushungi wangu kati ya wanaume. Nusu nyingine alinifundisha Baba Rukia. Yeye alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Kile kiwanda ulikuwa ukipita barabarani unakisikia, mashine za kufumia mamia zinapiga kwa pamoja. Ndani watu walikuwa wanaongea kwa ishara, mkono na nyusi. Kikabinafsishwa, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na sanduku la spana. Ndipo TV zikaanza kuingia mjini, kila mtu anataka sauti ya sinema kwake. Tukafungua banda.

Alikuwa na mikono, yule mwanaume. Na alikuwa na sikio. Akimaliza spika anakaa mbele yake, anafumba macho, anakuwa kama yuko kwenye swala. Huongei. Hukohoi.

Sasa kosa. Kosa hili wallahi sijaliona kwa fundi mwingine, na nawaomba mjichunge nalo.

Alianza Mzee Salimu, mwenye duka la vyombo pale sokoni Tandika. Karudisha spika zake kwenye mkokoteni.

“Fundi, hizi ni spika au misumari?”

“Zina nini, mzee?”

“Zinatoboa! Mtangazaji akisema ‘sasa’ mke wangu anashika kichwa. Juzi kahamia chumba cha uani na mto wake.”

Baba Rukia akaziunga, akafumba macho, akasikiliza. “Mbona mie naisikia vizuri tu? Laini kabisa hii.”

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Ile sauti iliniingia kama ndimu kwenye kidonda. Kila “s” ilikuwa wembe. Nikamtazama mume wangu, uso wake umetulia, anatabasamu. Nikadhani anamtania Mzee Salimu.

Haikuwa utani. Kila spika aliyotengeneza kipindi kile ilitoka kali kuliko ya kabla yake. Zile spika ndogo za sauti nyembamba, twita, alianza kuweka mbili pale pa moja. Wateja wakanung’unika. Akasema, “Watu wamezoea redio za mbao, hawaijui sauti safi.”

Jioni moja tumetoka kuswali magharibi, tumekaa uani. Mtoni ile ilikuwa na majani na maji, nyenje wanapiga kelele mpaka unaongea kwa kupaza. Baba Rukia ananyoosha miguu, ananiambia, “Mama Rukia, umeona? Nyenje wamehama siku hizi.”

Nyenje wanalia hapo hapo, kwenye ukuta nyuma ya kichwa chake.

Ndipo nikaelewa. Mume wangu zile sauti nyembamba zilikuwa zimeshamtoka, na hakujua. Alikuwa anaongeza twita mpaka azisikie yeye, watu wanaumia. Fundi anaitengeneza sauti kwa sikio lake. Sikio likipinda, kila anachokitengeneza kinapinda kulifuata, na mwenyewe anaapa kimenyooka. Ndiyo maana nawaambia: spika ukimaliza, mwite mtoto asikilize, mwite bibi asikilize. Usijiamini peke yako hata siku moja.

Nilimwambia taratibu, kwa siku kadhaa, maana mwanaume huwezi kumtupia kitu kama hicho kwenye sahani ya wali. Alikasirika kwanza. Kisha akaniambia nikae nyuma yake nichezeshe funguo. Nikachezesha. Akakaa anasubiri nianze.

Hospitali walituambia mishipa ya ndani imekufa kwa kelele za zile mashine, kilichokufa hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua. Kifaa cha kuvaa sikioni kilikuwepo, cha kuagiza nje. Hatukukiweza. Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

“Rukia simsikii,” akasema. “Nilidhani ni mtoto mpole. Nilikuwa nawasifia watu, mwanangu mpole, haongei.”

Rukia mwanetu alikuwa kasuku. Mtaa mzima ulikuwa unamjua kwa kuongea. Kasauti chake chembamba kama filimbi, na ndiyo aina ya sauti iliyotangulia kumtoka.

“Nataka nimsikie,” akasema. “Hata mara moja, vizuri, kabla masikio hayajafunga. Basi.”

Tukaendelea na kazi, tungekula nini? Mie nikawa sikio. Mteja akija nakaa ubavuni kwa mume wangu kwenye benchi, mguu wangu juu ya mguu wake. Nikikanyaga mara moja, kali mno, punguza. Nikikanyaga mara mbili, besi imezidi. Nikitulia, imekaa sawa. Mteja mmoja, kijana wa bandarini, alichungulia chini akasema, “Fundi, mkeo anakukanyaga kila saa, kuna ishu gani hapa?” Baba Rukia hakumsikia, mie nikajibu, “Mume wangu huyu, nikanyage wapi kwingine?” Kijana kacheka mpaka kashika mlango.

Kitu alichobaki nacho bila mimi ni mikono. Hili nalo lichukueni, ni la bure. Mkiunga spika mbili, hakikisheni zinasukuma pamoja. Moja ikienda mbele na nyingine ikarudi nyuma, zinauana. Besi inatoweka na msemaji unamsikia kama yuko nyumba ya pili. Chukua betri ya tochi, gusisha kwenye nyaya za spika. Karatasi yake ikiruka mbele, pale ulipogusa chanya ya betri ndipo chanya ya spika. Weka alama. Mie nilikuwa naweka rangi ya kucha. Sivai, kwa ajili ya udhu, lakini spika haitawadhi. Baba Rukia yeye hakuhitaji hata alama. Alikuwa anaweka kiganja hapa na kiganja hapa, muziki unapiga, anakwambia, “Hizi zimenuniana,” anageuza waya mmoja. Hajakosea kamwe.

Siku moja mteja kamuuliza kwa nguvu, usoni, “Fundi, unausikia huo mtetemo kwa ndani?” Naye kiganja kiko juu ya sanduku, akajibu, “Nausikia.” Mteja alipoondoka nikamgeukia, maana mie jambo la uongo linaninyima usingizi.

“Umemdanganya mja wa Mungu.”

“Nimemdanganya nini?”

“Umesema unasikia.”

“Ukishika barafu unasemaje? Si unasikia baridi? Ukipigwa na jua unasikia joto. Ukiwa na njaa unasikia njaa. Hayo yote unayasikia kwa sikio?” Akanionyesha kiganja. “Mie nimesikia kwa hiki.”

Mpaka leo nikisema nasikia baridi huwa nakitazama kiganja changu.

Niwape na hili kabla sijafika mwisho: msipandishe spika juu ya kabati. Watu wa wakati ule TV ilikuwa ufahari, wanaweka spika juu kabisa mgeni azione kutoka mlangoni, halafu wanakaa chini kwenye mkeka wanalalamika hawasikii maneno. Sauti inapita juu ya vichwa vyao inatoka dirishani, anafaidi jirani. Spika ikae usawa wa sikio la aliyekaa. Kwetu tunakaa mkekani, basi ishuke. Na usiibandike ukutani, iache ipumue kidogo.

Sasa ikatokea madrasa ya Rukia imechaguliwa kuimba kasida kwenye TV siku ya Idi. Walichukuliwa mapema, wakarekodiwa huko studio, wakarudishwa. Rukia anarudi amechanganyikiwa kwa furaha, anaongea hapumui. Baba yake anamtazama mdomo. Nilipomweleza alichosema mtoto, aliinuka akaenda bandani.

Wakati ule alikuwa ameshafika pabaya. Kumwita ilikuwa mpaka umguse. Nyumbani kwetu hatukuwa na spika za maana, fundi wa nguo hutembea na kiraka, TV yetu ilikuwa inatumia spika yake yenyewe ya tumboni. Akaanza kutengeneza za kwetu. Alichagua mbao mwenyewe, hakutaka niguse. Nilipokuja kuona nikashtuka: twita kazipanga nne kwenye kila sanduku, kama vifungo vya koti, na besi kaitoa kabisa.

Nikamwandikia kwa kidole kwenye vumbi la benchi: WATU WATAUMIA. Siku ya Idi si mtaa wote ungekuja kutazama?

Akasoma. Akafuta kwa kiganja.

“Miaka yote hii natengeneza ya masikio ya watu,” akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka yenyewe, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mashine. “Hii moja niachie.”

Nikaiacha. Lakini nikaona lazima niwaonye majirani. Nikamfuata Bi Mwanaidi, yeye ana presha, na ana wajukuu. Nilijizungushazungusha: TV yetu mbovu, sauti haitakaa sawa, bora mtazame kwa mtu mwingine. Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta.

“Mama Rukia,” akasema, “mumeo unamwita kwa kumrushia kokoto mgongoni, mwaka wa pili huu. Ulidhani sie tunadhani nyie mnacheza?”

Nikaanza kuokota punje zilizoruka nje ya ungo.

“Tunakuja,” akasema. “Nami nakuja na bakuli langu la tambi.”

Wakaja. Mkeka ulijaa, watoto mbele, Rukia katikati na gauni lake la Idi. Baba Rukia alikaa karibu kabisa na spika ya kulia, karibu sikio liguse. Nikasema bismillahi nikawasha.

Wanangu, ile sauti. Sijui niwaelezeje. Tangazo la sabuni tu lilikuwa kama bati linakatwa. Mtoto mmoja mdogo wa jirani alianza kulia, dada yake akambeba akatoka naye bila neno. Nilimwona Bi Mwanaidi anavuta ukingo wa kanga kichwani, anaukunja taratibu kwenye masikio kama mtu anayetengeneza ushungi wake tu, huku uso anautazamisha kwenye TV, anatabasamu. Wengine nao wakafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyesema punguza. Chumba kizima watu wamekunja nyuso wanatabasamu.

Wakaja watoto wa madrasa. Wakaimba. Baba Rukia kafumba macho. Kisha mwalimu wao akawapa kipaza sauti mmoja mmoja wawasalimie wa nyumbani, na kamera ikafika kwa Rukia, ushungi umemwangukia jicho moja.

“Athalamu alaykum,” akasema Rukia wa kwenye TV. “Nawathalimia baba na mama. Nawatakia thikukuu njema.”

Baba Rukia akafumbua macho.

“Ana kithembe?”

Mtu mmoja akacheka. Bi Mwanaidi akamkata jicho, kicheko kikakatika.

“Mwanangu ana kithembe?” akaniuliza tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. “Tangu lini?”

Nikamwonyesha kwa mkono, kimo kifupi, tangu yuko hivi. Tangu aanze kusema. Mie sikuwahi kumwambia. Ningemwambiaje, kithembe cha mwanetu sie tulikuwa tumeshakizoea, hatukisikii tena.

TV ikaendelea na mambo mengine. Akainuka akaizima yeye mwenyewe. Chumba kikawa kimya, na watu wakashusha kanga zao pole pole. Akapiga magoti mkekani, akamvuta Rukia akamsimamisha mbele yake, akamwekea ushungi sawa.

“Sema tena,” akamwambia. “Kama ulivyosema kule.”

Kisha akafumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza kazi iliyokwisha.

Rukia akasema. Akasema yote, salamu na baba na mama na sikukuu, kwa kile kithembe chake, karibu kabisa na uso wa baba yake. Kila aliyekuwepo alimsikia.

Baba Rukia kapiga magoti, macho kafumba, anangoja.

Rukia akanitazama. Nikamwashiria arudie. Akarudia, kwa nguvu.

“Mama Rukia,” akasema mume wangu, macho bado kafumba. “Mwambie aseme.”